Jinsi ya Kumvamia Jirani Mapema Katika Polytopia: Mwongozo Kamili wa Zamu Kumi za Mwanzo

Wachezaji wengi wanaojaribu vita vya mapema katika Polytopia, gemu ya mkakati inayochezwa kwa zamu, wanashindwa kwa namna ileile. Mchezaji ananunua mpanda farasi mmoja, anamkimbiza hadi mlangoni kwa jirani, anapiga pigo moja, anarudishiwa kipigo, zamu inayofuata anauawa. Anatuma wa pili. Naye anakwenda njia ya mwenzake. Ikifika zamu ya 10 nyota, yaani fedha ya gemu, zimekwisha, jirani ameshajenga ukuta, na mchezaji wa tatu aliyekuwa kimya upande wa pili wa ramani ana miji mitano.

Kosa haliko kwenye kushambulia mapema. Liko kwenye kushambulia kwa mafungu, mmoja leo na mwingine kesho. Gemu hii haina kete ya bahati: kila pigo lina jibu linalojulikana kabla hujagusa skrini. Kwa hiyo vita vya mapema ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa hatua kwa hatua.

Mwongozo unahusu mechi za wachezaji wengi, iwe mtandaoni au kwa kupokezana simu moja. Hesabu zote ni za makabila ya kawaida. Aquarion, Elyrion, Polaris na Cymanti wana kanuni zao, usizitumie namba hizi kwao.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ndogo na kavu. Ramani ya miraba 121 au 196, ya aina ya Drylands au Pangea. Ikiwa kati yako na jirani kuna bahari, funga mwongozo huu na ujenge uchumi.
- Kabila linaloanza haraka. Kati ya manne ya bure, Oumaji anaanza akiwa na mpanda farasi na ujuzi wa kupanda farasi. Bardur anaanza na uwindaji, Imperius anaanza na ujuzi wa kuvuna matunda. Hao watatu wanafaa. Xin-xi anaanza na kupanda milima, na kwake vita vya mapema huwa vizito.
- Nyota 9 za wapanda farasi watatu, kila mmoja nyota 3. Kama kabila lako halina ujuzi wa farasi, ongeza nyota 5.
- Askari mmoja wa kubaki nyumbani. Huyu si wa hiari.
- Subira ya zamu mbili au tatu pale utakapomwona adui na mkono utakapokuwasha.

## Hatua ya 1: Kuza mji mkuu kwanza

Unaanza na nyota 5, na mji mkuu wako unaleta nyota 2 kila zamu. Kwa mapato hayo, wapanda farasi watatu ni kazi ya kusubiri hadi jirani aote mizizi.

Mji unapanda hadi ngazi ya 2 ukiongeza watu wawili. Bardur anawinda wanyama wawili, nyota 2 kila mmoja, na mji unapanda papo hapo kwenye zamu ya kwanza. Imperius anafanya vivyo hivyo kwa matunda mawili. Gemu itakuuliza: karakana au mpelelezi? Chagua karakana. Mapato yako yanatoka nyota 2 hadi 4 kwa zamu: mbili za ngazi, moja ya mji mkuu, moja ya karakana.

Oumaji hana mavuno ya kuanzia, lakini tayari ana farasi. Kwake, nunua mpanda farasi wa pili mara moja na uwatume wote wawili kusaka vijiji visivyo na mwenyewe, ambavyo ukiviteka vinakuwa miji yako. Kasi yao ya miraba miwili kwa zamu ndiyo uchumi wako.

Onyo: usinunue ujuzi wa pili "kwa ajili ya baadaye". Bei ya ujuzi wa daraja la kwanza ni 4 ukiongeza idadi ya miji yako. Wa daraja la pili ni 4 ukiongeza mara mbili ya miji yako. Ukiwa na mji mmoja, farasi ni nyota 5. Ukiwa na mitatu, ni 7. Hivyo kama una nyota za ujuzi na askari wako amesimama juu ya kijiji tayari kukiteka, nunua ujuzi kwanza, kisha teka. Ni mpangilio wa kugusa tu ndani ya zamu ileile, na unaokoa nyota.

Umefanikiwa ikiwa: kufikia zamu ya tatu mapato yako ni nyota 4 au zaidi, au una wapanda farasi wawili njiani.

## Hatua ya 2: Mtafute jirani na upime njia

Tazama rangi ya ardhi. Kila kabila lina mandhari yake: mchanga wa Oumaji, kijani cha Imperius, miti ya waridi ya Xin-xi. Mawingu yanayofunika ardhi usiyoifika yakifunguka ukaona ardhi imebadilika, umeingia nchi ya mtu. Mpaka wa mji utauona baadaye kidogo, lakini kwa dalili hiyo pekee unajua pa kuelekea.

Ukishauona mji wake, usikimbilie. Hesabu miraba kati yako na yeye, ukizingatia mambo matatu:

Msitu unamsimamisha mpanda farasi. Akiingia msituni, mwendo wake wa zamu hiyo umekwisha hata kama alibakiwa na mraba mmoja.

Mlima hupandwi bila ujuzi wake. Mlima ulio kati yenu ni ukuta wa bure kwa jirani.

Kikosi cha adui kinakamata miraba inayokizunguka. Ukipita kando yake unasimama hapohapo. Wengi wanapanga kumpita askari aliye nje ili waingie mjini nyuma yake, kisha wanashangaa farasi amekwama katikati ya uwanja.

Njia ya wazi ya miraba minne ni zamu mbili za farasi. Miraba hiyohiyo yenye misitu inaweza kuwa zamu nne, na katika zamu nne jirani atakuwa ameshakuona na kujiandaa.

## Hatua ya 3: Amua kama anavamika

Hapa ndipo vita vingi vinashindwa kabla havijaanza, kwa sababu mchezaji ameshanunua farasi na anaona haya kurudi. Soma hali kama ilivyo.

Mvamie ikiwa mji mkuu wake hauna mtu ndani, au una askari mmoja wa kawaida bila ukuta. Hali ya kwanza hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani: watu hutuma kila kikosi kutafuta vijiji na kuacha mlango wazi.

Mwache ikiwa ana ukuta. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na hesabu za hatua ya 5 zitakuonesha kiasi. Mwache pia ikiwa ni Quetzali, kwani anaanza na ujuzi wa walinzi wenye ngao, na ikiwa ni Vengir, anayeanza na mwenye upanga. Hao shughulika nao ukiwa na wapiga mishale au silaha nzito zaidi.

Kisha mtazame mchezaji wa tatu. Kwenye mechi ya watu wanne, kila nyota mnayotupiana wewe na jirani ni zawadi kwa wengine wawili. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kama vita yako haiwezi kumaliza jambo ndani ya zamu tatu au nne tangu pigo la kwanza, usiianze.

## Hatua ya 4: Wakusanye watatu, wafike pamoja

Kila mji unaweza kubeba idadi ya vikosi sawa na ngazi yake ukiongeza mmoja. Mji mkuu wa ngazi ya 2 unabeba watatu. Ukishakuwa na askari wa mwanzo na wapanda farasi wawili, nafasi zimejaa, na kitufe cha kununua kinakataa hata ukiwa na nyota 10.

Suluhisho ni kijiji. Kikosi kinachoteka kijiji kinahamia kwenye hesabu ya mji huo mpya. Kwa hiyo mtume askari wako wa mwanzo ateke kijiji cha karibu: unapata nyota moja zaidi kwa zamu, na mji mkuu unapata nafasi ya mpanda farasi wa tatu. Kumbuka kuondoa kikosi juu ya mji kila unapotaka kununua, maana mji wenye mtu juu yake hauwezi kuzaa mwingine.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote: wa kwanza amsubiri wa tatu. Msimamishe miraba mitatu kutoka kwa mji wa jirani, kwenye mawingu yake, asikoweza kukuona. Zamu moja ya kusubiri inakuuma, najua, lakini mpanda farasi anayefika peke yake hana kazi anayoweza kuifanya.

Umefanikiwa ikiwa: wapanda farasi wote watatu, wenye uhai kamili wa 10, wako umbali ambao zamu ijayo kila mmoja ataufikia mraba ulio kando ya mji. Hesabu pia kama miraba hiyo mitatu ya kusimamia ipo kweli na haina milima wala maji.

## Hatua ya 5: Zamu ya kupiga

Hesabu ya Polytopia inafuata wazo moja: nguvu ya kikosi hushuka kadiri uhai wake unavyoshuka. Mwenye nusu ya uhai anapiga kwa nusu ya nguvu. Ndiyo maana mapigo matatu ya zamu moja ni tofauti kabisa na mapigo matatu ya zamu tatu.

Mchukue askari wa kawaida mwenye uhai 10, aliyesimama ndani ya mji wake usio na ukuta:

1. Mpanda farasi wa kwanza anampunguza 4, naye anarudisha 5.
2. Wa pili anampunguza 5, naye anarudisha 4.
3. Wa tatu anamuua. Aliyekufa harudishi, na wa tatu anaingia mjini akiwa na uhai 10 kamili.

Watatu wanahitajika. Wawili hawatoshi, kwani wanamwacha na uhai 1, na mwenye uhai 1 bado amekalia mji. Akikutwa nje ya mji mahali pa wazi, wawili wanamtosha: wa kwanza anamtoa 5, wa pili anammaliza.

Sasa tazama wanachofanya wanaoshindwa. Mpanda farasi anapiga, anabaki na uhai 5, na zamu inayofuata anapiga tena askari aliyebadilishwa na mpya mwenye uhai 10. Pigo lake sasa linatoa 2 tu badala ya 4, na kipigo anachorudishiwa ni 7. Amekufa kwa mkono wake mwenyewe.

Dhidi ya ukuta, askari yuleyule anahitaji mapigo manne. Unampunguza 2, kisha 2, kisha 3, ndipo wa nne anamuua. Na hao watatu wa mwanzo wanarudishiwa 7, 7 na 6. Utaingia mjini ukiwa na mzima mmoja na majeruhi watatu. Mlinzi mwenye ngao ndani ya mji bila ukuta pia anahitaji wanne: wa kwanza anamtoa 3 na anarudishiwa 9. Huyo wa kwanza amebaki na uhai 1.

Mpiga mshale anabadilisha picha yote. Anapiga kutoka miraba miwili, na askari wa kawaida hawezi kumrudishia. Wapiga mishale wawili wanatoa 4 na 5 bila kuumia hata kidogo, kisha mpanda farasi mmoja anamaliza na kuingia. Hoodrick anaanza na ujuzi huo. Bardur yuko hatua moja tu kuufikia, kwa nyota 6 akiwa na mji mmoja au 8 akiwa na miwili. Udhaifu wao ni mwendo wa mraba mmoja, kwa hiyo wanafaa pale ambapo jirani yuko karibu sana.

Kuhusu mpangilio wa kupiga, kuna kanuni mbili ambazo sizivunji:

Mwenye uhai mwingi apige mwisho. Yeye ndiye atakayeingia mjini na kuvumilia zamu ya adui.

Pigo la mwisho liwe la kikosi cha mkono kwa mkono. Mpiga mshale akiua, hasogei. Mji unabaki wazi na jirani ananunua askari mpya papo hapo. Ukilazimika kuua kwa mshale, hakikisha kuna mwingine ambaye hajatembea wa kuingia.

Kabla ya pigo la kwanza, gusa kikosi cha adui usome namba zake. Watengenezaji hurekebisha takwimu mara kwa mara, na mara nyingine askari unayemwona amepandishwa cheo baada ya kuua watatu, akapata uhai 15.

## Hatua ya 6: Kaa juu ya mji zamu nzima

Kuingia mjini si kuuteka. Mji unatekwa mwanzoni mwa zamu yako inayofuata, kikosi chako kikiwa bado kimesimama pale. Katika zamu ile moja ya adui, mji uliokaliwa haumpi nyota wala hauwezi kununua kikosi. Kama ni mji wake pekee, amebaki na vikosi vilivyoko nje tu.

Basi swali ni moja: wako wangapi nje, na wanafika? Askari wa kawaida akimpiga mpanda farasi wako mzima anamtoa 6. Wa pili anammaliza. Askari mmoja hakutoi, wawili wanakutoa.

Hapo ndipo wale majeruhi wawili wanapofanya kazi yao ya pili. Mpanda farasi anaweza kutembea tena baada ya kupiga. Wasogeze kwenye miraba ambayo adui angeitumia kuufikia mji. Hata akiwaua, ametumia pigo lake kwao badala ya kulitumia kwa aliyeko mjini.

Onyo kubwa: yule aliyeingia mjini naye bado anaonekana anaweza kutembea. Usimguse. Niliwahi kupoteza mji mkuu ambao tayari ulikuwa wangu kwa sababu nilimsogeza mraba mmoja nione kuna nini nyuma ya mawingu. Jirani alinunua mlinzi mwenye ngao zamu hiyohiyo, na sikuingia tena mji ule mechi nzima.

Na ule mji wako wa nyumbani? Askari mmoja awe amesimama juu yake. Jirani aliyekata tamaa mara nyingi atatuma kikosi chake cha mwisho kwako, na mji mtupu unakaliwa na yeyote anayefika.

Umefanikiwa ikiwa: zamu inafunguka, kikosi chako kipo, na alama ya kuteka inaonekana juu ya mji.

## Hatua ya 7: Baada ya kuteka

Mji unakuja na ngazi yake. Mji mkuu wa ngazi ya 2 ulioutwaa unaanza kukulipa nyota mbili kwa zamu, zaidi kama ulijengewa karakana.

Kama ulikuwa mji wake wa mwisho, ametoka kwenye mechi na vikosi vyake vinatoweka. Kama ana kijiji kimoja pembeni, mfuate sasa hivi, asije akajenga upya. Kama ana miji mitatu, simama. Umeshamvunja mgongo, na kwenye mechi za Might, ambazo mshindi ni anayeshika miji mikuu yote, ulichotaka umekipata.

Pumzisha majeruhi. Kikosi kisichotembea wala kupiga kinarudisha uhai 4 ndani ya ardhi yako na 2 nje yake, na ardhi inayouzunguka mji ulioteka sasa ni yako. Zamu mbili zinatosha kwa wengi wao. Nyota za zamu hizo ziweke kwenye kukuza miji, si kwenye farasi wengine.

## Ikiharibika katikati

Ukifika ukakuta ukuta umejengwa jana, usipige hata pigo moja la kupima. Zunguka, teka vijiji anavyovitaka yeye, na mtu akitoka nje ya ukuta muue kwa mapigo mawili kama hesabu ilivyoonesha.

Ukipiga wawili na wa tatu akashindwa kufika, warudishe wale wawili kwa hatua zao za baada ya kupiga, mbali na miraba ambayo askari wa jirani anaweza kuifikia. Watarudi na uhai 5 na 6. Uponyaji ndani ya mipaka yako utachukua zamu mbili, na katika zamu hizo wa tatu na wa nne watakuwa wameungana nao.

Ukifukuzwa mjini baada ya kuukalia, hesabu upya kwanza: ana nyota ngapi, ana nani ndani, ana nani nje. Amekosa mapato ya zamu nzima, hivyo mara nyingi aliyeko ndani ni yuleyule aliyekufukuza, naye ana majeraha. Hao ni rahisi kuliko askari mpya. Kama una wawili wenye uhai kamili na yeye amebaki na uhai 6 au chini, rudi zamu hiyohiyo: wa kwanza anamtoa 5, wa pili anaingia.